Tumbo la mtoto lisilopona: njia ya kufikia jina la ugonjwa

Fungua daftari la matibabu la mtoto anayesumbuliwa na tumbo kwa miezi kadhaa, awe wa Tandahimba, Kilwa au Mtwara mjini, na mara nyingi utakuta maneno yaleyale yakijirudia: malaria, UTI, taifodi, minyoo. Februari alipewa dawa ya minyoo duka la dawa. Machi akaandikiwa antibayotiki zahanati. Mei akapewa antibayotiki nyingine kituo cha afya, maana ile ya kwanza "haikukubali". Kila anayempokea anaanza upya, kwa sababu hajui aliyemtangulia aliona nini wala dawa zilimalizika au ziliachwa njiani.

Hapo ndipo ugonjwa unapopotea, na hupotea hata penye mashine nzuri. Tumbo la mtoto hutambuliwa kwanza kwa maelezo, kisha kwa mikono ya daktari na mizani. Maabara huja baadaye, kuthibitisha au kukanusha kile kilichokwisha kudhaniwa. Kipimo kilichoagizwa bila dhana yoyote huleta majibu yasiyo na maana, na majibu ya namna hiyo huzaa dawa zisizo na kazi. Mzazi au bibi anayemlea mtoto, akifika na maelezo kamili, amemrahisishia daktari sehemu ngumu kuliko zote.

Kabla ya hayo, kuna watoto ambao hawapaswi kusubiri chochote. Kichanga anayetapika matapishi ya kijani kama maji ya majani apelekwe saa hiyohiyo kwenye hospitali inayofanya upasuaji, kwa kuwa utumbo unaweza kuwa umejisokota. Mtoto wa kati ya miezi mitatu na miaka mitatu anayelia kwa vipindi huku amekunja miguu, akatulia na kulegea, kisha akaanza tena, huenda kipande cha utumbo kimeingia ndani ya kingine. Choo chake kikiwa na kamasi lenye damu kama jeli nyekundu, muda umeshakwenda. Kichanga mwenye macho ya njano baada ya wiki mbili huku choo chake ni cheupe kama chokaa, njia ya nyongo inaweza kuwa imeziba, na upasuaji wake huleta matokeo bora ukifanyika kabla hajafikisha siku 60. Waongeze hapo mtoto anayetapika kila anachokunywa, mwenye macho yaliyodidimia, asiyekojoa, aliyelegea, au mwenye tumbo gumu lisilotaka kuguswa. Na mtoto mwenye selimundu (siko seli) akilalamika tumbo apelekwe siku hiyohiyo, hata kama ameshawahi kulalamika hivyo mara kumi.

Jambo moja lisemwe wazi, kwa sababu bado linawaumiza watoto wetu. Vivimbe vyeupe kwenye ufizi wa mtoto anayeharisha, vinavyoitwa meno ya plastiki, ni meno yake ya kawaida yanayojiandaa kutoka. Kuvichokonoa huleta damu na maambukizi, na kuharisha kunabaki palepale. Kukata kimeo ni hivyohivyo.

Daftari la wiki mbili

Kwenye chumba cha daktari mazungumzo mengi huwa hivi: "Mama, anaharisha tangu lini?" "Muda mrefu, daktari." "Mara ngapi kwa siku?" "Mara nyingi." Hakuna anayedanganya, lakini hakuna kilichopatikana. Kuharisha kwa siku tano na kuharisha kwa siku ishirini ni magonjwa ya aina tofauti. Mpaka unaotumika ni siku 14: chini ya hapo, mara nyingi ni virusi au bakteria wanaopita, na mtoto anahitaji maji ya ORS, zinki na chakula. Kuanzia siku ya 14, daktari anatakiwa aulize kwa nini utumbo haujapona.

Chukua daftari dogo la shule, kurasa mbili kwa kila siku, uandike kwa siku 14. Ukurasa mmoja wa mtoto anayesoma chekechea unaweza kusomeka hivi: "Jumanne. Saa 1 uji wa mahindi kikombe kimoja. Saa 2 choo, uji uji, njano, hakuna damu. Saa 5 mihogo ya kukaanga shuleni. Saa 8 mchana tumbo, ameonyesha kitovuni, kama dakika 20, kisha ameenda kucheza. Usiku amelala hadi asubuhi." Mistari mitano tu, lakini daktari anasoma mengi humo. Maumivu ya kitovuni yanayokuja na kuondoka, yasiyomwamsha usiku, kwa mtoto anayeendelea kukua, hayatishi sana. Maumivu ya upande mmoja yasiyohama, yanayomwamsha usingizini, yenye homa au kupungua uzito, hayo ndiyo ya kufukuzia.

Choo kielezwe kwa umbo: vibonge kama vya mbuzi, kirefu chenye mipasuko kama muhogo mkavu, laini kama ndizi mbivu, uji uji, au maji matupu. Rangi nayo iandikwe, pamoja na alichokula. Dawa ya kuongeza damu hufanya choo kiwe cheusi na juisi ya rozela huweza kukitia wekundu. Wazazi wamewahi kukimbia hospitali usiku kwa sababu hizo. Choo cheusi kinachong'aa na kunata kama lami, bila dawa ya madini ya chuma, ni damu iliyotoka juu tumboni.

Dawa zote ziingie, pamoja na za miti shamba na za dukani. Kata kipande cha boksi chenye jina na nguvu ya dawa, ukibandike, uandike siku ya kuanza na ya kuacha. Ikiwa dawa ya siku saba iliachwa siku ya tatu, andika hivyo bila aibu, kwa sababu ndiyo inayotofautisha "dawa imeshindwa" na "dawa haikutumika".

Kadi ya kliniki iambatane na daftari. Kilo za leo peke yake hazisemi kitu. Kinachosema ni mstari. Mstari uliolala kwa miezi miwili au mitatu, au ulioanza kushuka, unageuza tumbo la kawaida kuwa tumbo la kuchunguzwa. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, utepe wa kupima mkono ukionyesha chini ya sentimita 11.5, huo ni utapiamlo mkali, na matibabu yake huanza huku chanzo kikitafutwa.

Msimu wa korosho watoto wengi huachwa kwa bibi wakati wazazi wako shambani. Daftari libaki na mtoto. Bibi asiyeandika anaweza kuchora: mstari mmoja kwa kila choo, duara kwa kila maumivu.

Anayeonekana kuharisha kumbe amefunga choo

Hili huwapita wengi, hata kwenye vituo vya afya, kwa hiyo tulitazame kwa karibu. Mtoto siku moja alipata choo kigumu, kikamchana kidogo. Kuanzia hapo akihisi haja anaibana. Utumbo mpana kazi yake ni kufyonza maji, hivyo choo kinavyokaa ndivyo kinavyozidi kukauka na kukua. Sehemu ya mwisho ya utumbo inatanuka, ikizoea kujaa inaacha kutoa taarifa, na choo laini kinachotoka juu kinapenya pembeni mwa lile bonge na kuchuruzika kwenye chupi bila mtoto kujua. Nyumbani wanasema anaharisha. Akipewa dawa ya kuzuia kuharisha, bonge linazidi kukwama.

Dalili zake ukizijua hutazisahau. Madoa madogo mengi kwenye chupi kwa siku moja. Choo kikubwa mno mara moja kwa wiki, pengine kwa kilio. Mtoto anayesimama kwa vidole, amekaza miguu, amejificha nyuma ya mlango: watu wazima hudhani anasukuma, kumbe anazuia. Chini ya tumbo, mara nyingi upande wa kushoto, daktari hugusa bonge gumu. Hapo mara nyingi hakihitajiki kipimo chochote cha maabara.

Sababu za kubana ziko karibu nasi. Choo cha shule kisicho na komeo wala maji kinatosha kumfanya binti wa miaka saba asubiri hadi jioni kila siku. Vijiji vya nyanda za juu za Makonde, kule Newala na Tandahimba, vina historia ndefu ya shida ya maji, na mtoto anayekunywa kidogo kwa sababu ndoo ni moja atapata choo kikavu. Ugali na kitoweo bila mboga wala matunda humalizia.

Matibabu yana hatua mbili, na kosa kubwa ni kuruka ya pili. Kwanza bonge litolewe kwa dawa ya kulainisha iliyopimwa kwa uzito wa mtoto. Kisha dozi ndogo iendelee kila siku kwa miezi, kwa kawaida isiyopungua miwili, ipunguzwe taratibu baada ya dalili zote kuisha kwa mwezi mzima. Wazazi wengi huacha wiki ya pili wakiona choo kimekuwa laini, na ndani ya mwezi mtoto yuko palepale. Pamoja na dawa, akae chooni dakika 5 hadi 10 baada ya kula, miguu ikiwa imekanyaga kitu imara. Kumchomekea kipande cha sabuni huunguza ngozi na kumfundisha kuogopa zaidi.

Swali moja la kujibu kabla hujaulizwa: kile choo cha kwanza cheusi cha kichanga kilitoka lini? Kikichelewa zaidi ya saa 48 tangu kuzaliwa, na mtoto akawa na tumbo lililojaa tangu siku hizo, daktari atafikiria ugonjwa wa Hirschsprung, ambapo kipande cha mwisho cha utumbo hakina mishipa ya fahamu inayokisukuma. Huo hauponi kwa dawa za kulainisha, unahitaji upasuaji.

Kipimo cha choo, na kwa nini hudanganya

Kipimo cha choo ni rahisi na kinapatikana hata kwenye vituo vidogo vyenye hadubini. Udhaifu wake mkubwa uko kwenye namna sampuli inavyochukuliwa.

Mtoto ajisaidie kwenye poti iliyooshwa na kukaushwa kabisa, mkojo usiingie. Chukua kiasi cha kijiko kidogo cha chai, na kama kuna sehemu yenye kamasi au damu, hiyo ndiyo ichotwe. Usichote chini ardhini, kwani udongo una vijidudu na minyoo yake. Choo kilichonyonywa na nepi hakifai. Funika kikopo, andika jina na saa. Choo chepesi kifike maabara ndani ya nusu saa, kwa sababu amiba aliye hai hutambuliwa kwa mwendo wake, na akipoa haonekani. Kama nyumbani ni mbali, afadhali mtoto anywe chai na kusubiri palepale kituoni kuliko kubeba kikopo kwenye bodaboda saa mbili.

Kipimo kimoja kisicho na kitu hakimalizi habari. Giadia, kimelea kinacholeta choo chenye harufu kali, gesi na uzito usiopanda, hutoka siku moja na kukosekana siku nyingine; sampuli tatu za siku tofauti ndizo zinazotoa picha. Zote zichukuliwe kabla ya metronidazo, dawa ya kuua giadia na amiba. Mtoto aliyekwisha kunywa nusu chupa ya metronidazo ya dukani amefuta alama bila kumaliza ugonjwa.

Majibu ya "amiba" nayo yana mtego. Chini ya hadubini, vifuko vya amiba anayeumiza, yaani amiba aliyejifungia ndani ya ganda, hufanana kabisa na vya ndugu yake asiye na madhara, ambaye watoto wengi wazima wanaye. Jibu lenye uzito ni la amiba hai aliyemeza chembe nyekundu za damu, kwa mtoto mwenye choo cha damu. Kwa hiyo uliza: "Daktari, wameona vifuko au wameona amiba hai?"

Kuhusu minyoo, albendazo inayotolewa Juni na Desemba ni nzuri na iendelee, ila haimgusi kila mdudu. Dozi moja haiui giadia wala amiba, na haitibu kichocho. Kwenye ukanda wetu wa pwani kichocho tulicho nacho ni kile cha mkojo zaidi, chenye maumivu chini ya kitovu na damu mwishoni mwa kukojoa. Mkojo wake uchukuliwe kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, matone ya mwisho yakiwemo, kwa sababu ndipo mayai hutoka kwa wingi. Mkojo wa alfajiri unaweza kurudi na jibu safi huku mtoto ana kichocho.

Mtoto anayeharisha zaidi ya siku 14 apimwe pia VVU, bila kujali sura ya nyumba anayotoka. Chini ya miezi 18 kipimo cha kawaida cha kidole kinaweza kuonyesha kingamwili za mama, yaani kinga alizomwachia mtoto, hivyo huchukuliwa damu kwenye karatasi maalumu ya kutafuta kirusi chenyewe. Kifua kikuu kinaweza kukaa tumboni. Kama kuna mtu anayekohoa nyumbani, sema. Kwa mtoto asiyeweza kutoa makohozi, siku hizi mashine ya GeneXpert, inayotafuta vijidudu vya kifua kikuu, hutumia hata choo.

Taifodi ya kila mwezi

Watoto wengi hubeba jina la taifodi kwa sababu ya kipimo cha Widal. Kipimo hicho hakimtafuti bakteria. Hutafuta kingamwili, ambazo hubaki baada ya ugonjwa wa zamani na huweza kuchochewa na maambukizi mengine. Katika eneo lenye taifodi, Widal moja yenye namba za kati haithibitishi kitu. Taifodi yenyewe kwanza ni homa inayopanda na kukaa siku kadhaa, na kipimo chake cha kuaminika ni kuotesha damu, tena kabla ya antibayotiki. Mtoto asiye na homa, anayeumwa tumbo kwa miezi mitatu, aliyetibiwa taifodi mara nne, karibu kila mara anaumwa kitu kingine. Zaidi ya hapo, kila mzunguko wa antibayotiki wenyewe huweza kuleta kuharisha.

Mkanganyiko huohuo upo kwenye bakteria wa vidonda vya tumbo, H. pylori. Kipimo cha damu hakitofautishi maambukizi ya sasa na ya zamani. Kinachofaa ni kipimo cha choo kinachotafuta bakteria mwenyewe, kikifanywa wiki mbili baada ya kuacha dawa za kupunguza asidi kama omeprazo na wiki nne baada ya antibayotiki.

Utrasaundi huonyesha ini, figo, mawe, matezi, utumbo ulioingiliana. Haionyeshi giadia wala aleji. Ikirudi safi imeondoa baadhi ya mambo tu.

Chakula kikishukiwa

Baada ya kuharisha vibaya, utando wa utumbo hupoteza kwa muda uwezo wa kuvunja sukari ya maziwa. Mtoto akinywa maziwa ya ng'ombe anapata gesi, choo cha maji chenye uchachu na wekundu matakoni. Hupona utando unaporudi, kwa wiki chache. Maziwa ya mama hayaachishwi. Aleji ya maziwa ni jambo lingine: ni ya vichanga zaidi, yenye damu au kamasi kwenye choo, kutapika na upele. Huthibitishwa kwa kuondoa maziwa ya ng'ombe wiki mbili hadi nne chini ya usimamizi, kisha kuyarudisha na kuona dalili zikirejea. Watu wengi huishia kwenye kuondoa, na mtoto hukaa miaka bila chakula ambacho pengine hakikuwa na kosa. Ondoa kimoja kwa wakati mmoja. Ukiondoa maziwa, mayai, karanga na dagaa kwa pamoja, akipona hutajua kwa nini, na akikonda utajua kwa nini.

Mkate na chapati visiachwe kabla ya kipimo cha ugonjwa wa siliaki, ambapo ngano huumiza utumbo, kama daktari ameutaja. Kipimo chake hufanya kazi mtoto akiwa bado anakula ngano.

Na muhogo wetu. Muhogo mchungu usiolowekwa au kukaushwa ipasavyo huacha sumu ya sayanaidi. Anayeathirika hutapika, huumwa tumbo na kichwa na kupata kizunguzungu ndani ya saa chache baada ya kula, na mara nyingi wenzake wa sahani moja pia. Daftari likionyesha mfuatano huo kila unga wa makopa mapya unapofunguliwa, tatizo liko kwenye unga. Mtoto akianza ghafla kukakamaa miguu katika miezi ya kula muhogo mchungu na kukosa kitoweo, hiyo ni konzo, aende hospitali.

Vipimo vikirudi safi

Kwa mtoto wa umri wa shule anayekua vizuri, mwenye maumivu ya kitovuni angalau siku nne kwa mwezi kwa miezi miwili au zaidi, bila damu, homa wala kupungua uzito, jina lipo: maumivu ya tumbo ya kiutendaji. Utumbo hauna kidonda, bali mishipa yake ya fahamu imekuwa nyepesi mno kuhisi. Maumivu ni ya kweli. Kumwambia "huna kitu, unakwepa shule" humwongezea hofu, na hofu huongeza maumivu. Anasaidiwa kwa kurudishwa shuleni taratibu, kulala na kula kwa saa zinazoeleweka, kutibiwa choo kigumu kama kipo, na kuulizwa kwa upole kuna nini darasani au nyumbani. Kurudia vipimo vilevile kila mwezi kunamthibitishia kuwa ana ugonjwa uliofichwa.

Rufaa

Njia ya kawaida huanzia zahanati au kituo cha afya, ikaenda hospitali ya wilaya, kisha hospitali ya rufaa ya mkoa: Ligula kwa Mtwara, Sokoine kwa Lindi. Ipo pia Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini huko Mtwara, na hospitali za misheni za Ndanda na Nyangao, zilizo karibu zaidi kwa watu wengi wa upande wa Masasi na Lindi vijijini. Kabla ya nauli, uliza siku ya kliniki ya watoto na kama daktari wake yupo wiki hiyo. Barua ya rufaa iwe na uzito wa mtoto, dawa zote alizotumia, majibu ya vipimo na swali moja wazi: kwa nini anatumwa. Barua isemayo "maumivu ya tumbo, kwa uchunguzi zaidi" inamrudisha mwanzo. Una haki ya kuomba iandikwe vizuri, kwa heshima, ukiwa bado umekaa.

Sera ya serikali huwasamehe gharama watoto chini ya miaka mitano kwenye vituo vya umma. Aliyevuka umri huo na familia haina uwezo, ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali ndiyo mahali pa kwenda kabla ya kukata tamaa. Usiondoke bila kujua mambo matatu: daktari anadhani ni nini, kipimo alichoandika kitabadilisha nini kwenye matibabu, na urudi lini kama hakuna nafuu.

Watoto wachache watahitaji kuingiziwa kamera tumboni au upasuaji wa watoto, na hao mara nyingi hupelekwa Muhimbili. Toka Mtwara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 550, siku nzima ya basi. Kwa mtoto anayeharisha, beba pakiti mbili za ORS na chupa ya lita moja ya maji safi ambayo haijafunguliwa: pakiti nzima kwenye lita nzima, wala si nusu pakiti kwenye chupa ndogo kwa kukadiria. Baada ya kila choo cha maji, aliye chini ya miaka miwili anywe mililita 50 hadi 100, mkubwa wake 100 hadi 200, kidogo kidogo. Akitapika, subiri dakika 10 uendelee kwa kijiko. Yaliyobaki baada ya saa 24 yamwagwe, yachanganywe mengine. Daftari likae kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye buti la basi.